Mbuzi wa Msalato na michoro ya Kolo: shilingi ya mgeni inalala wapi?

Msalato siku ya Jumamosi hutafuti kibao cha kukuelekeza, unafuata moshi. Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa, mnada unaunusa kabla hujauona: nyama, mkaa, vumbi la kwato. Mbuzi anafika asubuhi kwa miguu yake, saa nne ameshapata mnunuzi, saa sita yuko juu ya moto, saa nane ni mifupa. Wanaomla wametoka kila upande. Kuna watumishi waliohama na wizara zao, washiriki wa semina waliokacha kipindi cha mchana, na jamaa wa Dar es Salaam ambao tangu treni ya SGR ianze kuja huku mwaka 2024 wanaiona Dodoma kama jirani wa kumpitia wikiendi. Muulize yeyote kati yao kama ni mtalii, atakucheka.

Kitaalamu huyo ndiye mtalii hasa. Kwa tafsiri inayotumiwa na Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, mtu akitoka nje ya mazingira yake ya kila siku kwa muda usiofika mwaka, iwe kwa mapumziko, biashara, mkutano au kutembelea ndugu, na asiwe amekwenda kuajiriwa huko, huyo ni mgeni. Akilala hata usiku mmoja, ni mtalii. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima avae kofia pana na kuning'iniza kamera kifuani. Kwa kipimo hicho Dodoma imekuwa mji wa watalii bila kujitangaza. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, hadhi ya jiji ikaja Aprili 2018. Na kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapokaa, gesti za Area C na Kisasa hujaa mpaka mtu anaomba kulala sebuleni kwa shemeji yake.

Sasa endelea na barabara hiyohiyo kuelekea kaskazini, saa mbili na zaidi, upite Kondoa mjini mpaka Kolo. Hapa ndipo penye utalii unaotambulika kwa jina lake. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lenyewe ni kilomita za mraba 2,336 za ukingo wa Bonde la Ufa, lenye mapango na miamba iliyochorwa inayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kuna michoro myekundu ya watu warefu wembamba, na wanyama kama pofu, twiga na tembo, ambayo wengi huihusisha na jamii za wawindaji wa kale, na wakitafuta warithi wao waliobaki, vidole huelekea kwa Wasandawe wa wilaya jirani ya Chemba. Juu yake au kando yake kuna michoro myeupe, minene, ya baadaye, ambayo huhusishwa na wakulima wa Kibantu. Mtu anaweza kuvuka bahari kuja kuiona. Na wapo wanaovuka.

Ukilinganisha vituo hivi viwili kwa sifa, Kolo iko juu na Msalato haipo kabisa. Ukivilinganisha kwa fedha inayobaki kijijini, mambo yanageuka, na ndiyo sababu ya makala hii. Takwimu za taifa zinapendeza: wageni wa kimataifa 2,141,895 mwaka 2024, mapato ya takriban dola bilioni 3.9. Lakini hesabu ya waliokuja haikuambii kitu kuhusu mama anayepika chapati kando ya barabara Kolo. Yeye anahitaji kujua mambo mawili tu: shilingi ya mgeni imepita mikono mingapi kabla ya kuondoka, na nani ameachiwa gharama.

Tuifuate basi, tukianza na shilingi ya mnadani. Mnunuzi anamlipa mfugaji, aliyetembeza mbuzi wake tangu usiku. Dalali anachukua chake. Halmashauri inachukua ushuru. Mchinjaji analipwa, mara nyingine kwa utumbo. Mchomaji analipwa, na yeye amenunua mkaa. Pembeni kuna mama wa ugali na kachumbari, aliyenunua nyanya kwa mkulima na unga kwa mashine. Kuna kijana wa kuosha magari, bodaboda, muuza karanga, muuza ubuyu, na mzee mmoja ambaye kazi yake sijaielewa hadi leo ila kila mtu anamlipa. Jioni ile shilingi imeshapita mikono minane, na karibu yote inarudi nyumba zilizo ndani ya mkoa.

Shilingi ya Kolo ina safari nyingine. Mgeni wa ng'ambo alilipia safari yake miezi kadhaa nyuma, kwa wakala wa mji wake mwenyewe. Wakala akabakiza sehemu, akapeleka nyingine kwa kampuni ya Arusha. Gari lilijazwa mafuta Arusha, dereva ni wa Arusha. Chakula cha mchana kiko ndani ya lanchi boksi iliyofungwa alfajiri hotelini, huko karibu na Tarangire: kuku mmoja mkavu, yai, ndizi, juisi ya pakiti. Maji ya katoni yako nyuma ya siti. Wanafika Kolo, wanalipa kiingilio kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, fedha inakwenda zake serikalini, wanapanda mlima na mwongozaji, wanapiga picha, wanashuka. Mwongozaji anapewa bakshishi. Wakiwa na kiu sana wananunua soda. Gari linaondoka, na Kolo inabaki na alama za matairi.

Wachumi wana jina la jambo hili: uvujaji wa mapato. Kwa mtu aliyekulia Kondoa jina hilo halihitaji ufafanuzi, maana mvua ya kule hufanya hivyohivyo. Inanyesha kwa nguvu, inateremka mlimani kwa kasi, inaingia korongoni, na kesho yake udongo ni mkavu. Kinachoamua kama shamba litapata unyevu si wingi wa mvua peke yake. Matuta yana neno lake.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliofuata fedha za watalii kaskazini mwa nchi, nao ulipata jambo linalofaa kukumbukwa. Katika kila dola iliyotumika ndani ya nchi kwa kupanda Kilimanjaro, senti 28 ziliwafikia watu wa kipato cha chini. Kwa safari za kutazama wanyama ilikuwa senti 18. Mgeni anaweza kuwa yuleyule, aliyeteremka na ndege ileile. Tofauti iko katika kazi yenyewe: mlima haupandiki bila mabega ya watu. Unahitaji wapagazi, wapishi, waongozaji, na chakula kinachonunuliwa sokoni. Safari ya gari inahitaji dereva mmoja na tangi lililojaa. Kwa hiyo anayesema "tuongeze watalii" bila kusema watalii wa kufanya nini, amesema nusu ya sentensi.

Barabara nayo imeleta kitendawili chake. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na hakuna mwenye akili atakayeilalamikia. Mgonjwa anafika hospitali, mahindi yanafika sokoni. Lakini zamani, barabara ilipokuwa vumbi na mashimo, aliyetaka kuona michoro ilikuwa vigumu kukwepa kulala Kondoa. Alikula Kondoa, gari lake lilitengenezwa Kondoa, usiku alisimuliwa habari na mwenye gesti. Leo anaingia asubuhi akitokea Babati na jioni anakunywa chai Dodoma. Lami imeisogeza Kolo karibu na dunia, na papo hapo imefanya Kolo iwe rahisi kupitwa.

Hayo ni ya fedha. Yanayofuata ni magumu zaidi kuyahesabu.

Pango ambalo wageni wengi hupelekwa ni la Mungomi wa Kolo. Kwa mgeni ni jumba la sanaa lisilo na paa. Kwa wenyeji ni mahali pa tambiko: watu hupanda kuomba mvua, kuombea wagonjwa, kuzungumza na wazee waliotangulia. Katika tambiko hizo pombe ya kienyeji hunyunyiziwa mwambani, na mwamba huo ndio wenye michoro. Mhifadhi akitazama anaona rangi ya miaka elfu mbili na zaidi ikichuruzika. Mganga akitazama anaona wazee wakinywa.

Ni rahisi kumwona mganga ndiye mwenye makosa, mpaka usome jinsi Kondoa ilivyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Iliingizwa kwa vigezo viwili. Cha kwanza ni michoro yenyewe, kama ushahidi wa maisha ya watu wa kale. Cha pili, ambacho kwenye mfumo wa UNESCO ni kigezo cha sita, ni kwamba mila zinazohusu maeneo hayo bado ziko hai. Yaani tambiko linaloharibu mchoro ni sehemu ya sababu iliyoufanya mchoro uwe urithi wa dunia. Ukilifukuza tambiko, umehifadhi picha na kuua nusu ya kilichosajiliwa. Ukiliacha lilivyo, wajukuu watasimuliwa kuhusu michoro iliyokuwepo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, iliandikwa ikiwa na vitu akilini: masalia, majengo, michoro. Mzee anayepanda mlimani na kibuyu haimjui vizuri.

Zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa waya. Waya haukudumu. Na sishangai, kwa sababu uzio unaomzuia mtalii kugusa ni uleule unaomzuia mwenye pango kuingia kwake. Halafu kuna mashimo. Sakafu za baadhi ya mapango zimechimbwa na watu wanaotafuta hazina inayosemwa Wajerumani waliificha walipokuwa wakikimbia Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila anayeandika kuhusu Kolo huwalaumu wachimbaji hawa kwa ujinga. Mimi nadhani wana mantiki yao. Ukiona mtu ametoka Ulaya, amelipa mamilioni, amepanda mlima juani, amekaa mbele ya jiwe dakika arobaini akiandika kwenye daftari, kisha ameondoka bila kukueleza lolote la maana, utaamini kweli kwamba alikuja kutazama rangi tu? Aliyeachwa nje ya maelezo hujitungia ya kwake. Ukitaka asichimbe, pengine ungeanza na kumweleza, na kumlipa, huyohuyo kijana wa Kolo.

Nitoke mapangoni nije kwa tembo.

Kaskazini ya Kondoa iko Tarangire, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Wanaoijua wanajua inavyopumua: kiangazi wanyama hukusanyika mtoni, masika hutawanyika nje ya mipaka kutafuta malisho. Upande wa kusini limewekwa Pori la Akiba Mkungunero, lililotangazwa mwaka 1996, na lingine, Swagaswaga, likatengwa kwa upande wa Kondoa na Chemba. Kwenye ramani ni mpango mzuri. Tembo ana nafasi ya kutoka na kurudi.

Tatizo liko kwenye daftari la mahesabu. Mtalii anayemtazama tembo analipa lango la Tarangire, analala hoteli iliyo Manyara au Arusha, anapiga picha yake, amemaliza. Tembo yuleyule, masika, usiku wa manane, anaweza kuwa yuko Kondoa ndani ya shamba la mahindi la mtu ambaye hajawahi kuuza hata chupa ya maji kwa mtalii. Mapato yako kaskazini, gharama iko kusini, na katikati hakuna bomba linaloziunganisha. Mwenye shamba hawezi kumpenda tembo kwa hotuba.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 imeliona hilo, na kanuni zake za mwaka 2011 zikaweka malipo. Tazama lugha yake. Mazao yakiliwa unalipwa "kifuta jasho". Mtu akiuawa, ndugu wanalipwa "kifuta machozi". Fidia ni jambo jingine, na serikali imekuwa ikisisitiza tofauti hiyo: fidia ingekuwa deni, hiki ni kitambaa cha kujipangusia. Kwa kanuni hizo za 2011, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupata kitu. Lililo mbali zaidi lilipanda daraja mpaka Sh 100,000 kwa ekari, na ekari zilizohesabiwa hazikuzidi tano. Uhai wa mtu uliwekewa Sh 1,000,000. Viwango hivi vimelalamikiwa bungeni, humu humu Dodoma, mara zisizohesabika.

Mipaka ya Mkungunero imekuwa ugomvi wa miaka na vijiji vya Kondoa na Kiteto: jiwe la mpaka liko wapi, nani alikuwa hapa kwanza, ng'ombe akikamatwa ni faini au ni uonevu. Ugomvi wa namna hii uko nchi nzima. Mwaka 2019 serikali iliunda kamati ya mawaziri wanane kupitia vijiji 975 vyenye migogoro ya aina hiyo, na 920 kati yake vikaruhusiwa kubaki vilipo. Ni hatua kubwa. Ila kuruhusiwa kubaki hakumzuii tembo kupita.

Watu wa Kondoa wana sababu ya kukunja uso wakisikia neno hifadhi, na haina uhusiano na wanyama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila ardhi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, zaidi ya mifugo 80,000, wenye nayo wakaambiwa watafute pa kwenda nayo. Na milima ikaota tena. Hilo halibishaniwi, ukipita leo unaona kijani mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha mifupa mitupu ya ardhi. Lakini mlima ulipoponywa, bili alipelekewa mwenye ng'ombe. Kumbukumbu ya namna hiyo hairithiwi kwa maandishi, inarithiwa kwa namna babu anavyonyamaza akiona gari lenye nembo likiingia kijijini.

Njia nyingine imejaribiwa jirani tu. Upande wa Babati, vijiji viliungana mwaka 2006 kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge, vikatenga ardhi, vikaingia mikataba na wenye hoteli, na mapato yakawa na njia ya kufika vijijini. Hapo bomba lipo. Ugomvi haukuisha, ulibadilika sura. Wanakijiji wa Minjingu walitaka kujitoa walipoona fedha inayotokana na ardhi yao inagawanywa kwa vijiji vyote. Wengine wangeona hiyo ni dalili ya kushindwa. Mimi naona wamefika mahali Kolo haijafika: wanagombania kugawana kitu kilichopo.

Turudi mjini, kwenye maji.

Dodoma inapata mvua isiyozidi milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka ardhini, visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, mbele ya Msalato. Bonde hili ni maarufu kwa wanasayansi kuliko kwa wanywaji wake. Kina cha maji yake kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne, jambo la nadra katika Afrika yote, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hifadhi ile ya chini haijazwi na mvua za kila mwaka. Inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno. Kati ya mwaka 1955 na 2010, misimu saba tu ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia, na masika ya El Niño ya 1997/98 peke yake yalileta takriban moja ya tano. Yaani mgeni anapooga leo hotelini, huenda anaoga mvua iliyonyesha wakati wa Mkapa.

Hilo linabadilisha namna ya kufikiri kuhusu kila hoteli mpya. Mji uliokuwa na watu 410,956 kwa sensa ya 2012 ulikuwa na 765,179 kwa sensa ya 2022, na juu yao wanakuja wajumbe, madereva wa wajumbe, waandishi, wafanyabiashara, wachezaji na mashabiki, watu wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni. Wageni si chanzo cha uhaba wa maji, wenyeji wapya ni wengi kuliko wao. Lakini mgeni hutumia maji kwa namna yake: shuka hufuliwa kila siku, bustani humwagiliwa ili ipendeze, bwawa la kuogelea hubadilishwa maji. Wakati wa mgao, hoteli ina tenki kubwa na uwezo wa kuita lori la maji. Nyumba ya jirani ina madumu. Wote wanachota kisima kimoja, ambacho akiba yake inategemea mvua kubwa ijayo ambayo hakuna anayejua mwaka wake.

Kodi za nyumba zinafuata njia hiyohiyo. Mwenye nyumba akigundua chumba kinalipa zaidi kwa usiku mmoja wa Bunge kuliko kwa wiki ya mpangaji, mpangaji anaanza kusikia maneno ya "tunataka kufanya ukarabati". Mwalimu na muuguzi wanasogea Nala, wanasogea Ihumwa, nauli inapanda. Sina lawama kwa mwenye nyumba, mimi mwenyewe ningefanya vivyo. Ila kwenye taarifa za ukuaji wa sekta ya malazi, nauli ya yule muuguzi haiandikwi popote.

Kuhusu utamaduni nitakuwa mfupi, kwa sababu kilio cha kwamba "utalii unaua mila" kimeimbwa hadi kikachuja. Chukua muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ambayo asili yake ni jando na unyago, wanawake wakikaa na ngoma kati ya mapaja usiku wa kufunda wasichana. Leo utaikuta kiwanja cha ndege ikimpokea mgeni rasmi kwa dakika nne. Imekatwa, ndiyo, na maneno yake ya ndani yameachwa nyumbani. Lakini akina mama wamelipwa, na mabinti waliokuwa wanaona haya kushika ngoma sasa wanagombania nafasi. Kinachonikera ni malipo, si jukwaa: posho inayopita kwa mratibu, kisha kwa katibu wa kikundi, ikimfikia mpigaji imebaki ya nauli. Pale Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, mambo ni tofauti kidogo, na sababu ni nyepesi. Watazamaji wengi ni Wagogo. Ukikosea mdundo kuna bibi atakuzomea. Mgeni anakaribishwa kutazama kitu ambacho kingefanyika hata asipokuja.

Hapo pengine ndipo Msalato inapofanana na Chamwino. Mnada haukuanzishwa kwa ajili ya wageni, ulikuwepo kwa ajili ya mifugo, wageni wakajialika wenyewe. Mwaka ambao hawatakuja, kama walivyotoweka mwaka 2020 ambapo watalii wa kimataifa nchini walishuka kutoka 1,527,230 hadi 620,867, mbuzi ataendelea kuuzwa. Zabibu zingeweza kwenda njia hiyo. Mizabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya wakiambiwa hudhani ni utani, na mashamba ya Hombolo yako karibu na mji. Lakini hadi sasa mgeni anakutana na zabibu ikiwa kwenye beseni kando ya barabara, anafungua kioo, ananunua kilo mbili, anafunga kioo.

Baada ya kuusifu mnada kiasi hiki, ni haki nieleze na upande wake wa pili. Mwezi uliopita nilibaki Msalato mpaka jioni, wateja wameondoka, mbwa wameingia kazini. Nikakaa na kijana anayewauzia mkaa wachomaji. Magunia yake yalikuwa yameisha, anahesabu noti, mtu mwenye furaha.

"Unautoa wapi, kaka?" nikamuuliza.

"Zamani nilikuwa nauchukua hapa hapa karibu, nyuma ya milima hii. Sasa hivi naenda Chemba."

"Chemba ipi?"

"Ndani kabisa, mzee wangu. Kule tunakopishana na tembo."